Koti Lisilofuliwa

Mara ya kwanza nilipomwona Nyapara akitafuta mnyama, nilidhani amekufa. Alikuwa amelala kifudifudi pembeni mwa shamba langu la chai, shavu limegusa udongo, koti lake la kijani limemfunika mgongo, na miguu yake mirefu imetokeza njiani kwa namna ambayo mzee mwenye heshima zake haiachi miguu. Niliweka ndoo ya maziwa chini. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemzika mume wangu, na niliona kwamba maiti nyingine shambani mwangu ingekuwa ni kuonewa.

"Mzee," nikaita.

"Shh," maiti ikajibu. "Mama Cherono, usisimame hapo. Unaifungia njia."

Alikuwa anamtafuta paka wangu.

Watu wengi wa upande wetu wa Sigowet wanamkumbuka kwa ukali. Alikuwa nyapara katika shamba kubwa la chai lililo ng'ambo ya barabara, akisimamia wachumaji, na hata baada ya kustaafu jina la kazi lilimganda hivi kwamba mchungaji alimtaja kanisani kama Mzee Nyapara. Mimi namkumbuka kwa wanyama. Yeye ndiye aliyeitwa paka akipotea, mbwa akitoroka, hata bata mzinga wa mwalimu mkuu alipokosekana karibu na Krismasi, ingawa huyo hatukumpata, na harufu iliyotoka jikoni kwa jirani ilitufanya tusiendelee kumtafuta.

Kisha akampoteza mbwa wake mwenyewe. Mwanawe alikuwa akimtaka arudi kwao magharibi, upande wa ziwa, na Nyapara alisema hataondoka mpaka mbwa apatikane. Kwa hiyo mimi, ambaye kwa miaka hiyo yote sikuwa na jirani mwingine wa kuzungumza naye jioni, nilikuwa nikiomba mbwa yule apatikane na nikiogopa apatikane. Nilimwambia Mungu yote mawili na nikamwachia achague.

Alizaliwa kijiji gani sijui, na sikuuliza. Nilichojua ni sauti yake. Sauti hiyo ilivuka bonde. Akiwa kazini alisimama nyuma ya mstari wa wachumaji na kumwambia mama wa mwisho kabisa, kule karibu na mto, kwamba ameruka kichaka. Akiona majani magumu ndani ya kikapu aliyamwaga chini bila hata kusema samahani. Kuna wanawake waliomchukia, na walikuwa na haki yao. Lakini mtu huyo huyo akimtafuta paka alinong'ona.

"Hiyo kitu inaogopa," aliniambia siku ile, akiwa bado chini. "Ukiita na nguvu inajua kuna shida, inazidi kujificha. Nani huipatia chakula?"

"Ni mimi."

"Ukiipatia unasema aje?"

Niliona haya. "Ninasema, haya njoo, mwizi wewe."

"Basi enda ukae kwa mlango wa jikoni saa ya kukamua, na useme hivyo. Usiongeze kitu."

Nyumba ilikuwa bado imejaa shemeji na mawifi waliobaki baada ya matanga. Paka yule alizoea kulala kwenye kiti cha mume wangu, na turubai la mazishi lilipofungwa na viti vya kukodi vikaanza kuburutwa, alikimbia. Watu waliniambia paka ni paka, nitapewa mwingine. Mimi nilikaa kwenye mlango wa jikoni na kusema maneno yangu ya kila siku, kwa sauti yangu ya kila siku, mjane aliyevaa nyeusi anayemwita mwizi, na mawifi zangu wakatazamana. Jioni ya kwanza hakuja. Baadaye alikuja, amekonda, matope masikioni. Sikuwa nimemlilia mume wangu vile watu walivyotaka nilie. Siku hiyo nililia mpaka mawifi wakaingia ndani. Nyapara alikuwa amesimama kando ya boma la ng'ombe. Alipangusa magoti, akasema pole mama, akaenda zake. Hakuuliza ninalia nini, na kwa hilo nilimpenda tangu siku ile.

Kulala chini kulikuwa na maana yake. Chai iliyokomaa huchumwa ikabaki sawa juu, imefungana, na ukisimama huoni chochote ila kijani. Chini ya hapo ni mashina matupu na giza kidogo, na ukilaza shavu unaona mpaka mwisho wa shamba. Sisi tuliozaliwa ndani ya chai tulikuwa tukiwatafuta wanyama wetu tukiwa wima, maana macho yetu yamezoea kutazama juu, kwenye majani mawili na chipukizi. Tulipita tukiita, huku paka amekaa karibu na visigino vyetu akitusikiliza. Nyapara alitucheka kwa jambo hilo, na ilikuwa nadra kumwona akicheka.

Halafu kulikuwa na mambo ya aproni. Mbwa wa karani wa kituo cha kupimia majani alitoroka, na wanawake waliokuwa wakisubiri kupimiwa wakajitolea kusaidia. Umande ulikuwa bado haujakauka na wote walikuwa wamevaa aproni zao za nailoni, zile za kuzuia nguo zisilowe. Nyapara aliwasimamisha kwenye mstari kama siku za kazi, kisha akawaambia wazivue.

"Tutalowa," wakasema.

"Loweni. Hiyo mbwa ikisikia hizo vitu inafikiri ni mvua ya mawe inakuja."

Walizivua, wakalowa mpaka kiunoni, wakamtukana kwa Kipsigis wakidhani hasikii. Alisikia kila neno. Aliishi huku muda wa kutosha kusikia lugha yetu yote, ila hakupenda kuizungumza kwa sababu watoto walimcheka akisalimu chamgei. Mbwa alipatikana amenaswa kwenye waya chini ya mikaratusi, mzima. Wanawake wale wakarudi kuvaa aproni zao juu ya nguo zilizolowa na kuendelea kumtukana, safari hii wakicheka.

Alikuwa na maoni makali kuhusu namna ya kuuliza. Sisi ni watu wa kufariji. Mtu akija njiani uso umemshuka, akakuuliza kama umeona mbwa mweusi, utamwonea huruma na kumwambia ndiyo, nafikiri amepita hivi, ili asiende na moyo mzito. Nyapara alisema amewahi kumfuata ng'ombe mmoja mpaka karibu na Kericho mjini kwa ajili ya huruma za watu, na ng'ombe mwenyewe hakuwa ametoka nje ya boma la jirani. Kwa hiyo alitufundisha tusitaje mnyama wetu. Ulisalimu, ukazungumza habari za mvua, ukauliza, "Kuna mnyama umeona hapa ambaye si wa hapa?" Na uliwauliza wanaotembea, yaani wachumaji, wapeleka maziwa, na akina mama wa kuni. Wenye maduka aliwaruka. Alisema mwenye duka huona wateja tu.

Dada yangu mkubwa ameolewa Merigi, na paka wake alipopotea nilimpigia simu nikampa maagizo yote kama nilivyoyapokea, pamoja na lile la nguo. Ukitandika nje nguo uliyoivaa au blanketi ulilolalia, mnyama akivutwa na harufu anajua nyumba ni ipi. Dada yangu alitandika sweta lake kwenye uzio, siku zikapita, paka hakuonekana. Mwishowe nilimwomba Nyapara tuende. Alilinusa sweta mbele ya watu wote.

"Hii umefua."

"Kwani ningeweka nguo chafu hapo nje," dada yangu akasema, "na watu wanapita kuenda kanisa?"

Alikuwa amelifua kwa sabuni, akalisuuza mara mbili, akalianika vizuri. Nyapara hakubishana naye. Alimwomba leso aliyokuwa amejifunga kichwani, na dada yangu akaitoa kwa uchungu kana kwamba anavuliwa nguo zote. Paka alikuwa amelala juu ya leso hiyo kesho yake asubuhi. Mpaka leo dada yangu husimulia habari hiyo bila kutaja sweta.

Chai hakunywa. Mtu aliyekula chai, akavaa chai, akasomesha watoto kwa chai, alisema inamkaba. Nilikuwa nikimpa kikombe kila alipopita, kwa sababu siwezi kumkalisha mtu bila kikombe, naye alikishika kwa mikono miwili mpaka kikapoa, akakirudisha kimejaa na kusema asante. Mursik, maziwa yetu yanayogandishwa kibuyuni kwa masizi ya mti, aliikataa miaka mingi kwa ajili ya masizi hayo, kisha siku moja akaniuliza kama imebaki, na tangu hapo ilibidi nimfichie kibuyu kimoja.

Kwao alikutaja kila siku na hakwenda. Mke wake alikuwa amezikwa huko, mwanawe alikuwa amejenga huko, na yeye alisema huko ndiko nyumbani, hapa ni kazini tu. Kazi iliisha na bado alisema hapa ni kazini. Kila uchaguzi ulipokaribia, na watu wa kwetu wakaanza maneno kuhusu wageni, alifunga sanduku lake la bati na kuliweka karibu na mlango, na ulipopita alilifungua. Hatukuwahi kulizungumzia sanduku hilo. Nilikuwa nikiliona tu nikipeleka maziwa, na nikirudi nyumbani nilikuwa na aibu ambayo haikuwa yangu peke yangu.

Mbwa aliitwa Bosi. Nyapara alisema katika maisha yake hakupenda mabosi, basi afadhali awe na mmoja wa kumfokea. Alikuwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limechanika, na alikuwa na tabia ya kuweka mguu wake juu ya kiatu cha mtu aliyekaa, kisha akatazama kando kana kwamba mguu si wake. Nyapara hakumruhusu kuingia ndani. Mbwa ni wa nje, alisema, na hata mvua ilipopiga kutoka pande zote alimwacha mlangoni na kumwekea gunia. Lakini nilijua kwamba yeye mwenyewe alikuwa akilala kichwa upande wa mlango.

Alipostaafu aliachiwa chumba chake katika nyumba za kambi ya wachumaji, ili aangalie tangi la maji. Kisha mashine za kuchuma zikaja. Zilikuwa na kelele ambayo tulizoea kwa shida, na baada yake wachumaji wakaanza kuondoka, mlango mmoja mmoja, wengi wakirudi huko huko upande wa ziwa. Godoro lilipanda gari, meza ikapanda, mbwa na paka wakabaki. Kwa muda kambi ilikuwa na wanyama wengi kuliko watu, na Nyapara alizunguka na sufuria ya ugali akiwalisha, akilalamika kwamba hawana adabu. Hao hawakuwa wamepotea, aliniambia. Wanajua vizuri sana walipo.

Mwishowe aliambiwa na yeye ahame, nyumba zinafungwa. Alipata chumba cha kupanga sokoni. Siku ya kuhama Bosi alikuwa amefungwa kamba nyuma ya pikapu. Mashine moja ikawashwa kwenye shamba la karibu, mbwa akaruka, kamba ikakatika, na akaingia chini ya chai.

Nilikuwa ninakamua niliposikia. Nyapara alikuwa anaita. Alisimama juu ya pikapu na kuita kwa ile sauti ya kazini, iliyovuka bonde na kurudi, Bosi, Bosi, mchana kutwa. Alivaa aproni ya mtu kujikinga na umande na akapita nayo kwenye chai ikipiga kelele. Aliwauliza wenye maduka. Alifanya kila alichotukataza, na hakuna mtu aliyekuwa na moyo wa kumkumbusha. Nilipomfikia alikuwa amepoteza sauti. Nilimwambia, "Nyapara, keti," naye akaketi hapo hapo kwenye udongo.

Tangu siku hiyo alirudi kwenye sheria zake. Kila jioni, saa ambayo Bosi alizoea kula, alitoka sokoni, akapita kwangu, akashika kikombe chake, kisha akaenda kambini na kukaa kwenye ngazi ya mlango uliopigiliwa mbao. Askari wa shamba alikuwa na amri ya kuwafukuza watu, lakini huyu alikuwa mtoto wa mchumaji wa zamani, na aligeuka upande mwingine. Koti la kijani lilitandikwa pale ngazini. Baridi ya kwetu si ya mchezo, na mzee alikaa na shati tu.

"Rudi kwenu," nilimwambia mara moja, nikiwa sina hakika ninataka akubali. "Kijana wako anangoja. Mimi nitakuwa ninaangalia hapa."

"Mwenye kutafuta hahami," akasema. "Ikirudi ipate hakuna mtu, haiwezi kurudi tena."

Mvua ndefu zikaja, zikapita. Mwanawe alipiga simu, kwanza kwa upole, kisha kwa hasira. Watu sokoni wakaanza kusema mzee amechanganyikiwa. Mimi nilikuwa na mgeni kila jioni, na sitajifanya kwamba hilo halikunifurahisha.

Kisha nikateremka Soin kumwona mtoto wa mpwa wangu aliyezaliwa. Soin ni chini, kuna joto, chai haipo, ni mahindi na miwa, na barabara inaendelea mpaka upande wa ziwa. Nilipokuwa nimekaa kwa jirani wa mpwa wangu nikimenya njugu, kitu kikawekwa juu ya kiatu changu. Nilitazama chini. Mbwa wa kahawia alikuwa ametazama kando.

Sikuita jina lake. Nilimsifu mama wa nyumba kwa mahindi yake, nikazungumza habari za mvua, kisha nikauliza kama kuna mnyama hapa ambaye si wa hapa.

"Ni huyo Tomi tu," akasema. "Alikuja mwenyewe wakati wa mahindi mabichi. Alikuwa mifupa. Watoto wakakataa tumfukuze."

Nilipopanda gari la kurudi sikujiruhusu kufikiria. Nilijua nikifikiria sitasema. Nilishuka sokoni na kumwambia Nyapara kabla sijafika kwangu.

Tulikwenda pamoja asubuhi iliyofuata. Alikuwa amenyoa, na koti amelivaa. Alisimama nje ya uzio na hakuita. Alisema tu, kwa sauti ya chini sana, maneno aliyokuwa akiyasema akiweka sufuria chini: "Bosi, kazi imeisha." Mbwa alikuja akitambaa kwa tumbo, akilia, akajikunyata, akaweka mguu juu ya kiatu chake, na safari hii hakutazama kando. Mzee aliinama. Mimi niliangalia mahindi.

Mama wa nyumba alikuwa mtu mwema. Alituletea viti na kusema mbwa ni wetu, atawaeleza watoto. Tulikaa. Nyapara alipewa chai akaishika. Mchana wasichana wawili wa mama huyo wakarudi kutoka shule, na walipokuwa bado mbali, tunasikia sauti zao tu, sikio lile lililochanika likasimama. Bosi alimtazama Nyapara. Kisha akaondoa mguu wake, akakimbia kuwapokea.

"Mnamlisha saa ngapi?" Nyapara akauliza.

"Wakitoka shule. Wanakula na yeye."

"Na analala wapi?"

Mama akacheka kidogo. "Ndani, mzee. Na hao watoto. Nimechoka kusema."

Nyapara alikitazama kikombe. "Basi hajapotea," akasema.

Kabla hatujaondoka aliwaita wasichana na kuwaambia kwamba Tomi akiwahi kutoroka wasimwite kwa kelele, wakae pale pale, na nguo wasifue. Aliwaambia Tomi. Mbwa alitusindikiza mpaka kwenye lango na akasimama hapo.

Njiani gari lilipoanza kupanda na baridi kuingia, alisema, "Hii barabara ndiyo ya kwetu. Alikuwa anaenda kwetu."

"Pengine."

"Labda alifikiri nimetangulia."

Nilimfungia dirisha.

Mwanawe alikuja na pikapu Jumamosi. Vitu vilikuwa vichache, sanduku la bati, godoro, sufuria ya ugali. Walipita kwangu kuniaga. Kijana alibaki akiwasha gari, na Nyapara akaja mpaka kwenye veranda. Nilimpa kibuyu cha mursik. Nilimpa pia chai, na safari hii aliinywa yote, uso umekunjika, mpaka nikaona sukari iliyotuama kikombeni. Kisha akavua koti na kulitundika kwenye msumari karibu na mlango.

"Huko kuna joto," akasema. "Na sijui watu wa huko tena, Mama Cherono. Hata njia ya kuenda duka sijui. Nikipotea, wewe unajua mahali pa kuanzia."

Nilicheka, kwa sababu alikuwa anataka nicheke. Alicheka pia, mara ya pili au ya tatu tangu nimjue, na akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Alinipigia simu Jumapili kadhaa. Alisema joto ni jingi, na watu ni wema, na jioni ni ndefu. Siku hizi nikipiga naambiwa nambari haipatikani. Cherono, binti yangu, alikuja mwezi uliopita kunichukua nikakae naye Nairobi, ameshaandaa chumba, na ana haki, kwa sababu nyumba ni kubwa na ng'ombe ninamkamua kwa shida. Alipokuwa akikusanya nguo chafu alilitoa koti kwenye msumari.

"Mama, hii inanuka moshi. Niiweke kwa maji?"

Nilimwambia alirudishe lilipokuwa. Nilimwambia pia kwamba Nairobi nitakuja, lakini kwa sasa siwezi kuhama.